Soma Lebo Kabla Hujalipa: Namna ya Kujua Umri wa Nguo ya Mtumba

Baridi ya Juni ikishika Mbeya na Iringa, meza za mitumba za Mwanjelwa na Mashine Tatu hujaa makoti na masweta. Mengi ni ya juzijuzi tu. Lakini humo humo kwenye rundo huweza kuwemo koti lililoshonwa kabla hujazaliwa, na muuzaji, kwa kuwa kola imechakaa, amelitupa kwenye fungu la bei ya chini. Kulitambua hakuhitaji ada wala kifaa. Unahitaji macho, mwanga wa mchana na simu yenye bando.

Utapata faida gani? Kwanza ni joto: makoti mengi ya zamani ni ya sufu, yaani manyoya ya kondoo, na kwa asubuhi za Uyole au Mafinga sufu haina mpinzani. Pili ni biashara. Vijana wanaouza nguo mtandaoni wanajua kuwa mnunuzi wa Dar es Salaam hulipa zaidi akielezwa nguo ni ya miaka gani na akaonyeshwa ushahidi.

Lebo iko wapi? Anza shingoni, kisha geuza nguo na ufuate mshono wa ubavu wa kushoto hadi karibu na kiuno. Kwenye koti la suti ingiza mkono mfuko wa ndani wa kifuani, kwa maana mafundi wa Ulaya waliomshonea mteja kwa vipimo vyake walizoea kubandika humo lebo yenye jina lake, na mara nyingine tarehe kwa kalamu. Ukikuta hiyo, kazi imekwisha.

Usipoikuta, tafuta jina la nchi. Kwangu hiki ndicho kidokezo bora kuliko vyote, kwa sababu nchi huzaliwa na kufa kwa tarehe zinazojulikana. "Made in West Germany" ni Ujerumani Magharibi: nguo hiyo ilitengenezwa kati ya 1949 na 1990, Wajerumani walipoungana tena. "Made in Czechoslovakia" haivuki mwisho wa 1992, kwani Januari 1993 nchi hiyo iligawanyika. "Made in USSR" ni ya kabla ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika Desemba 1991. Hong Kong inataka uangalifu: ikiandikwa "British Hong Kong" ni ya kabla ya Julai 1997, ilipokabidhiwa China, lakini "Made in Hong Kong" peke yake haikuambii lolote.

Kisha soma maelezo ya kitambaa na ufuaji. Kwa nguo za Marekani, sheria ilianza kudai Machi 1960 kwamba lebo itaje aina za nyuzi na asilimia zake, mfano pamba 60 na poliesta 40. Julai 1972 yakaongezwa maelezo ya kufua. Hadi 1997 maelezo hayo yalikuwa ya maneno. Ndipo kampuni ziliporuhusiwa kutumia vichoro pekee, yaani beseni la maji, pasi, pembetatu ya dawa ya kung'arisha na duara la kufulia kwa dawa bila maji. Basi nguo ya Marekani yenye vichoro bila maneno hukadiriwa kuwa ya 1997 au baadaye. Usitumie kipimo hiki kwa nguo za Ulaya, ambako vichoro vilianza tangu miaka ya 1960.

Mabelo ya Uingereza yana alama zake. Jina "St Michael" lilikuwa la duka la Marks & Spencer tangu 1928 hadi 2000, likaachwa. Alama ya CC41, herufi mbili za C zenye umbo la jibini lililokatwa pembe, ni ya wakati wa vita na mgao, 1941 hadi 1952. Ukiiokota Mbeya, nunua kwanza, uulize baadaye. Kwenye masweta tafuta kichoro cha fundo la nyuzi kinachoitwa Woolmark. Kilianza 1964, kwa hiyo nguo yenye nacho haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo.

Na ile namba inayoanza na RN? Ni namba ya usajili wa kampuni nchini Marekani. Iingize bure kwenye tovuti ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, nayo itakupa jina la kampuni. Lakini kampuni iliyosajiliwa 1965 inaweza kuwa imeshona nguo hiyo 2010. Namba inakutajia kampuni tu. Mwaka utafute kwingine.

Jinzi za Levi's zina hadithi ndefu, nitagusa moja. Kwenye kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma, jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote, LEVI'S, hadi 1971. Baadaye "e" ikawa ndogo. Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe imetoa nakala mpya za mitindo ya zamani zenye E kubwa, na waghushi nao hawajalala.

Ndiyo maana kidokezo kimoja hakitoshi. Kusanya viwili au vitatu, na palipo na mgongano fuata kilicho kipya zaidi. Koti linaloonekana la 1970 lakini lebo yake ina anwani ya tovuti halikushonwa kabla ya miaka ya 1990. Maelezo ya ufuaji kwa lugha sita au saba, au kialama cha miraba cha kupigia picha kwa simu, ni dalili za nguo ya karibuni. Angalia pia uzi ulioshikilia lebo: ukiwa mpya kuliko mishono mingine, lebo hiyo huenda imehamishwa.

Kama lebo imekatwa, unaweza angalau kujua ni sufu au la. Ukishalipa, chomoa uzi mmoja pindoni, uwashe ukiwa nje, juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Akriliki, sufu ya kiwandani, huyeyuka na kuganda kuwa donge gumu.

Kuna nguo moja nakuonya usiiguse: jaketi la jeshi. Lebo zake huwa na mwaka au namba ya mkataba, na zinavutia kweli. Lakini kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye nazo kuzisalimisha.

Usisahau sanduku la bibi nyumbani. Khanga na vitenge husomwa ukingoni, penye jina la kiwanda. Urafiki wa Dar es Salaam ulifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, hivyo kitambaa chenye jina lake si cha kabla ya hapo. Khanga ya TANU kwa kawaida ni ya kabla ya Februari 1977, CCM ilipozaliwa.

Kuhusu bei, asubuhi belo linapofunguliwa utachagua vizuri lakini utalipa zaidi. Jioni muuzaji anataka kufunga, mtaelewana. Makoti hupanda bei Juni na Julai, kwa hiyo anayeweza kusubiri anunue Oktoba. Na unapopatana usitangaze ulichokiona kwenye lebo.

Ukifika nyumbani, ipige picha lebo kabla ya kufua, maana wino wa zamani hufifia. Ikikuwasha shingoni, mwambie fundi cherehani aihamishie ubavuni. Usiikate.