Ndama Akihara, Hesabu Siku Zake

Mto Tana ulifurika mwishoni mwa 2023, ukafurika tena Aprili na Mei 2024. Maji yakishapungua, zizi hubaki tope kwa wiki nzima au zaidi, na tope lililochanganyika na kinyesi ndilo linaloua ndama wachanga.

Mfugaji wa Garsen akiona mkia wa ndama umelowa, mara nyingi hukimbilia sindano ya oksitetrasiklini. Kabla hujatoa pesa, jiulize: ndama huyu ana siku ngapi?

Akihara maji matupu kabla ya kufikisha siku tano, mshuku bakteria E. koli. Huyo anaweza kufa siku hiyohiyo. Kuanzia siku ya tano hadi wiki ya tatu, wasumbufu wakubwa ni virusi vya rota na korona, pamoja na kimelea kiitwacho kriptosporidi. Antibiotiki haiui hata mmoja wa hao watatu. Homa kali, uvundo na damu huashiria salmonela, na hapo daktari wa mifugo aitwe upesi. Ndama aliyepita wiki tatu, anayejikamua na kutoa damu, huenda ana koksidia, ambayo ina dawa zake za salfa. Lakini vijidudu viwili au vitatu huweza kumwingia ndama mmoja kwa pamoja.

Vyovyote iwavyo, kinachomuua hasa ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Finya ngozi ya shingo uiachie. Ikikawia kurudi, na macho yamebonyea, amekauka. Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe lita mbili asubuhi na mbili jioni, kidogo kidogo, katikati ya nyakati za kunyonya. Maziwa usimkatize, ndama anayehara akinyimwa maziwa hufa njaa. Asiyeweza kunyonya wala kusimama usimmiminie kwa chupa, maji yatamwingia mapafuni. Huyo anahitaji dripu.

Lakini kazi kubwa ni ya siku ya kuzaliwa. Ng'ombe hampitishii mwanawe kinga akiwa tumboni. Yote imo ndani ya dang'a, maziwa yale mazito ya manjano. Ndama wa kilo 25 anahitaji kama lita mbili na nusu ndani ya saa sita za kwanza, kwa kuwa baada ya siku moja utumbo hauipokei tena kinga hiyo. Najua maziwa ndiyo chakula cha nyumba, na najua ilivyo vigumu kuyaacha wakati wa ukame. Hata hivyo, siku hiyo ya kwanza mwachieni ndama.

Kundi likienda malishoni, ndama hubaki pamoja katika kizizi kimoja karibu na nyumba, wa siku mbili na wa miezi miwili. Watenganisheni. Kizizi kihamishwe mahali palipoinuka, penye jua: kriptosporidi hustahimili dawa nyingi za kuulia vijidudu, ila ukavu na joto humuua.

Kimelea hicho na salmonela huwapata watu pia. Watoto wasicheze na ndama mgonjwa, maziwa yachemshwe, na mkamuaji aanze na ng'ombe wenye ndama wazima, amalizie kwa mgonjwa, kisha anawe kwa sabuni.