Mfidiano wa Parameta: Istilahi Moja ya Kosmolojia na Tatizo la Umri katika Usemi wa Manzese

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana inayojitokeza pale wanakosmolojia wanapozipima nadharia mbadala za uvutano kwa kutumia data za anga. Dhana hiyo ni hali ambapo parameta mbili au zaidi hubadilika kwa pamoja bila kuacha alama yoyote katika data. Inapendekezwa kwamba hali hiyo iitwe mfidiano wa parameta. Pendekezo linapimwa kwa kulitumia katika tatizo la isimujamii, yaani kutenganisha athari za umri na athari za kizazi katika usemi wa wakazi wa Manzese, Dar es Salaam.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi umezoeleka kuendeshwa kwa orodha za majina ya vitu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni tunda zuri la juhudi hizo, na hakuna haja ya kuibeza. Hata hivyo, majina ya vitu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu huanza pale istilahi inapotakiwa kutaja uhusiano badala ya kitu, na hasa uhusiano unaoeleza kwa nini mtafiti ameshindwa kujua jambo alilokusudia kulijua.

Mfano wa karibu unaweza kupatikana katika soko la Mabibo, jirani na Manzese. Mtu anaambiwa kwamba mwenzake amelipa shilingi 60,000 kwa mikungu ya ndizi ya bei moja. Je, alinunua mikungu mingapi? Ikiwa ni mitatu, kila mmoja uliuzwa shilingi 20,000. Ikiwa ni minne, shilingi 15,000. Ikiwa ni mitano, shilingi 12,000. Taarifa iliyotolewa ni sahihi kabisa, tena haina kosa la kipimo hata senti moja, lakini haitoshi. Kurudia swali lile lile mara mia hakutaongeza chochote, kwa sababu kinachojulikana ni zao la idadi na bei, wala si idadi peke yake au bei peke yake. Idadi ikipanda, bei hushuka kuifidia, na jumla hubaki pale pale.

Jambo hili ni tofauti na kukosa uhakika kwa kawaida. Kosa la kipimo hupungua data zinapoongezeka. Hali inayojadiliwa hapa haipungui mpaka ipatikane taarifa ya aina nyingine. Katika mfano wa soko, inatosha mtu mmoja aliyeiona mikungu ikipakiwa kwenye mkokoteni.

2.0 Uvutano na Data za Anga

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaanga yalitangaza kwamba kasi ya kutanuka kwa ulimwengu inaongezeka, ugunduzi uliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulimwengu umejaa nishati giza inayosukuma mambo nje. Lakini yapo maelezo mengine: huenda nadharia ya uvutano ya Einstein, iliyokamilishwa mwaka 1915 na kuthibitishwa vizuri katika mfumo wa jua, haifanyi kazi vile vile katika umbali mkubwa mno. Nadharia zinazofuata njia hiyo ya pili ni nyingi. Makala haya yanaziita nadharia mbadala za uvutano, na kuepuka kusema uvutano uliorekebishwa, kwa kuwa kitenzi rekebisha kinadokeza kwamba kilichotangulia kilikuwa na kasoro. Hilo ndilo linalotafutwa, na haifai neno litoe hukumu kabla ya ushahidi.

Kundi moja linalochunguzwa sana ni la nadharia za f(R), ambamo milinganyo ya Einstein huongezewa sehemu inayotegemea mpindo wa anga. Katika nadharia hizo uvutano unaweza kuzidi kiwango cha kawaida kwa hadi theluthi moja, isipokuwa mahali penye mata nyingi, ambapo nyongeza hiyo hujificha. Matokeo yake ni kwamba galaksi na makundi ya galaksi hukusanyika haraka zaidi. Ingeonekana basi kwamba kazi ni rahisi: yahesabiwe makundi ya galaksi, na yakizidi matarajio, Einstein ameshindwa.

Hapo ndipo nyutrino zinapoingia. Majaribio ya chembe hizi, yaliyotunukiwa Nobel mwaka 2015, yamethibitisha kwamba zina masi, ingawa ni ndogo mno na kiasi chake halisi hakijapimwa. Kwa kuwa hukimbia kasi sana, nyutrino hazikubali kukusanyika kwa urahisi, na kadiri masi yake inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyopunguza kukua kwa maumbo ya ulimwengu. Kwa hiyo uvutano ulioongezwa nguvu pamoja na nyutrino nzito unaweza kutoa ulimwengu unaofanana sana na ule wenye uvutano wa Einstein na nyutrino nyepesi. Kimoja kinaongeza, kingine kinapunguza. Setilaiti ya Planck, katika matokeo yake ya mwaka 2018 yaliyounganishwa na vipimo vya mtawanyiko wa galaksi, iliweka ukomo wa elektronivolti 0.12 kwa jumla ya masi za nyutrino. Msomaji asiye mwangalifu huuchukua ukomo huo kama kipimo cha nyutrino tu. Kwa hakika ni kipimo cha nyutrino kwa sharti kwamba uvutano ni ule wa Einstein na sehemu nyingine za modeli sanifu ni sahihi. Anayetaka kuupima uvutano hawezi kukopa tarakimu hiyo kama ilivyo. Akifanya hivyo atakuwa ametumia jibu kuthibitisha swali.

Mfano wa pili unafanana zaidi na mikungu ya Mabibo. Wanaanga wanapopima jinsi galaksi zinavyovutwa kuelekeana, wanachokipata ni zao la kasi ya ukuaji wa maumbo na ukubwa wa mabonde na vilima vya mata. Isitoshe, galaksi hazikutawanyika sawasawa na mata yote; huelekea kujikusanya mahali pa vilima virefu zaidi, na kiwango cha upendeleo huo hakijulikani mapema. Michoro ya matokeo hutoa umbo refu lililopinda, ambalo wanakosmolojia wenyewe hulifananisha na ndizi: kila nukta iliyo ndani ya ndizi hiyo inakubaliana na data karibu sawa na nyingine.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya vipimo hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Data zake zilionyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya joto kali inayotoa eksirei. Leo gesi hiyo ni mojawapo ya njia za kukadiria uzito wa makundi hayo, na uzito huo ukilinganishwa na ule unaopatikana kwa kupinda kwa mwanga, uvutano unaweza kupimwa. Inasikitisha kidogo kwamba neno la Kiswahili lilifika angani zaidi ya nusu karne iliyopita, ilhali maelezo ya kile lilichokigundua bado ni adimu katika lugha hiyo hiyo.

3.0 Uteuzi wa Istilahi

Kiingereza hutumia neno lenye asili ya Kilatini, likiwa na maana ya kutoka katika jinsi yake, genus. Katika matumizi ya kila siku neno hilo limeelekea kwenye upotovu na uharibifu. Katika hisabati limebaki na wazo la vitu kupoteza tofauti zao. Mfasiri anayeanzia kwenye kamusi ya kawaida ataandika uharibikaji wa parameta, na mwanafunzi atadhani kwamba kuna kitu kimeoza.

Njia ya pili ni kutohoa, na kupata udijenerasi. Utohozi si dhambi. Parameta yenyewe imetoholewa, na makala haya yanaikubali kwa sababu kigezo, neno linalopendekezwa na baadhi, lina maana ya kitu kinachotumika kupimia, ilhali parameta ni kitu kinachotafutwa kwa kupima. Lakini udijenerasi haimpi msomaji mahali pa kushika. Ulinganifu nao umekwisha kupewa kazi nyingine katika jiometri na fizikia. Mfichano, kutokana na fichana, ni neno zuri kwa sikio, ila linaeleza matokeo na kuacha chanzo: parameta hufichana kwa sababu zinafidiana.

Mfidiano linaundwa kwa utaratibu uliozoeleka katika mshikamano, mgongano na mlingano: mzizi, kiambishi cha kutendana, na kiishio -o. Mzizi -fidi- una wazo la kulipa kilichopungua, na wazo la fidia si geni kwa wanafonolojia, ambao hulitumia kueleza irabu inayorefuka baada ya kudondoshwa kwa kitamkwa jirani. Neno hili lina udhaifu mmoja. Linaweza kufikirisha kwamba fidia daima ni kamili, jambo ambalo si kweli kwa nyutrino na f(R): hufidiana katika baadhi ya umbali na vipindi, si katika vyote. Kwa hiyo inafaa kutofautisha mfidiano kamili na mfidiano wa kiasi. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama kuna tumaini la kuutanzua.

4.0 Umri na Kizazi katika Manzese

Manzese sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, ingawa kwa miaka mingi ilihesabiwa Kinondoni. Ilikua kando ya Barabara ya Morogoro kama makazi yasiyopimwa, na katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa serikali wa kuboresha makazi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wakazi wake wametoka mikoa mingi, na lugha nyingi za Kibantu walizokuja nazo hazina vitamkwa vinavyoandikwa dh, th na gh. Ndiyo sababu katika usemi thamani inaweza kusikika kama samani, na dhana kama zana, mpaka muktadha uamue kama kinachozungumzwa ni bei au makochi.

Ichukuliwe kwamba mtafiti anawasaili wakazi wa rika mbalimbali na kukuta kwamba vijana hutamka z mahali pa dh mara nyingi kuliko wazee. Magazeti yatamsubiri kwa hamu, maana malalamiko kwamba vijana wa uswahilini wanaharibu lugha hayakosi wasikilizaji. Lakini matokeo hayo yana maelezo mawili yanayofidiana. Huenda Kiswahili cha Manzese kinabadilika, na kila kizazi kinaiacha dh zaidi ya kile kilichotangulia. Au huenda hakuna kinachobadilika: kila kizazi hutamka z kikiwa kijana, kisha hurudia dh kadiri kinavyoingia katika kazi, misikiti, makanisa na mikutano ambako matamshi hayo yana heshima. Mwalimu anayemsahihisha mtoto wa Manzese kwa ukali anafuata maelezo ya kwanza bila kujua kwamba amechagua.

Je, data zaidi zitasaidia? Mfidiano huu ni mkali kuliko ule wa nyutrino, kwa kuwa ni kamili. Umri ni mwaka wa usaili ukitoa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa 1970 na kusailiwa 2005 ana miaka 35, wala hawezi kuwa na mingine. Kwa hiyo kiasi chochote kinachoongezwa kwenye athari ya umri na kwenye athari ya mwaka wa kuzaliwa, kikipunguzwa kwenye athari ya mwaka wa usaili, hakibadilishi utabiri hata kidogo: 35 ukijumlisha 1970 na kutoa 2005 ni sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa namba yoyote ni sifuri. Kwa wahamiaji tatizo hujirudia kwa sura nyingine, kwani umri wa kuwasili Dar es Salaam ukijumlishwa na miaka ya ukaazi ni umri ule ule. Wasailiwa elfu kumi hawatalifumbua jambo ambalo wasailiwa hamsini wameshindwa kulifumbua.

5.0 Kutanzua

Kiingereza husema kwamba mfidiano huvunjwa. Kiswahili kina kitenzi bora zaidi, tanzua, kinachofaa kwa nyuzi zilizosokotana, ambazo zikivutwa kwa nguvu hukaza.

Katika kosmolojia utanzuzi hupatikana kwa kuunganisha mashahidi wenye udhaifu tofauti. Mwendo wa galaksi huongozwa na sehemu moja ya uvutano, ile inayohusu wakati. Kupinda kwa mwanga huongozwa na sehemu mbili kwa pamoja, ya wakati na ya nafasi. Katika nadharia ya Einstein sehemu hizo ni sawa. Katika f(R) hutofautiana, kwa namna ambayo mwendo wa mata huathirika ilhali mwanga karibu hauathiriki. Ulinganisho wa aina hii ulipendekezwa mwaka 2007 na kupimwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na faida yake kubwa ni kwamba upendeleo wa galaksi hujifuta. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, imeundwa kukusanya aina zote mbili za ushahidi. Wakati mwingine shahidi mpya hutokea ghafla: tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano yaliyofika karibu sekunde mbili kabla ya mwale wa gama yaliziondoa nadharia nyingi mbadala kwa siku moja, ingawa f(R) ilisalimika, kwa kuwa haibadilishi kasi ya mawimbi hayo.

Mwanaisimu hana ndizi mbili za kuzikatisha. Kwa kuwa mfidiano wake ni kamili, hana budi kuleta dhana kutoka nje ya data. Ile iliyozoeleka tangu kazi za William Labov za miaka ya 1960 ni kwamba matamshi ya mtu hutulia baada ya ujana, na hivyo tofauti kati ya marika ni picha ya mabadiliko ya wakati. Dhana hiyo inaweza kuhojiwa. Gillian Sankoff na Hélène Blondeau, katika utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu kitamkwa r katika Kifaransa cha Montreal, waliwafuatilia wasemaji wale wale kati ya 1971 na 1984, wakakuta kwamba wengi walitulia lakini baadhi walibadilika wakiwa watu wazima. Kwa Manzese, kurekodi leo na kuwarudia wasemaji hao hao baada ya miaka 15 hakutaondoa sifuri iliyotajwa hapo juu, kwani mtu mmoja akizeeka, mwaka nao husogea. Kutaonyesha, hata hivyo, kama wasemaji wanatulia, na hivyo kama dhana iliyokopwa inastahili kukopwa. Rekodi hizo za kwanza zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuwasili na mwaka wa usaili wa kila msemaji, wala si kwa kundi la umri peke yake, kwa sababu anayeandika tu kwamba msemaji ni kijana amekwisha kumnyima mtafiti atakayemfuata uwezo wa kuuliza swali.