Safari ya Uzeeni: Nani Ashike Usukani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuoana, na wale ambao nyumba yao bado imejaa watoto. Wazee tumewaacha wajipime wenyewe, kana kwamba aliyevuka miaka 40 ya ndoa hana tena la kujifunza. Lakini watoto wakishaondoka na kazi ikaisha, mume na mke hubaki wakitazamana mezani, na wengi hugundua kuwa hawajui tena la kuzungumza. Leo tuongee nao.

Somo letu linatoka mbali, kaskazini mwa Australia. Mimi na mke wangu tuna marafiki huko, bwana na bibi waliofundisha katika shule moja ya sekondari magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha wakarudi kwao pamoja na Kiswahili chao. Hata leo mke humwita mumewe "Mzee", naye mume humwita mkewe "Mama", jambo linalowashangaza sana majirani zao wa Melbourne. Wametupa ruhusa tusimulie habari zao, mradi tusitaje majina.

Walioana mwaka 1978. Mwaka 2019, Mzee akiwa na umri wa miaka 69 na Mama miaka 66, walifunga karavani nyuma ya gari lao, yaani kile chumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko dogo na meza ya kukunja, wakaondoka Melbourne kwenye baridi wakalifuata jua. Kwao jambo hilo si ajabu. Kila mwaka ifikapo Mei, wazee wengi waliostaafu hukokota karavani zao kwenda kaskazini, kwa maana wakati kusini kuna baridi kali, huko kwenye joto mvua zimekoma na barabara zimekauka mpaka Oktoba. Kuanzia Novemba mvua hurudi, mito hufurika na kukata barabara, na baharini huingia yavuyavu wenye sumu inayoweza kumuua mtu. Basi mwenye akili husafiri wakati wa kiangazi.

Miaka yote 41 ya ndoa, watu hawa wawili walikuwa wakionana asubuhi na jioni tu. Sasa walikuwa pamoja saa 24 katika chumba kisichozidi ukubwa wa kioski. Mama aliandika kwamba kufikia siku ya tatu alikuwa tayari amechoka na namna Mzee anavyokoroga chai. (Nawe unayecheka, ngoja ustaafu.)

Walianzia Cairns, katika jimbo la Queensland. Walipanda garimoshi la Kuranda, reli iliyopasuliwa mlimani kwa mikono ya wafanyakazi na kukamilika mwaka 1891, miaka mitano kabla ya ile yetu kuanza kujengwa pale Mombasa. Ina mahandaki 15. Walikwenda kwa mashua kuiona Great Barrier Reef, matumbawe yaliyoenea kilomita 2,300. Pwani yetu nzima, kutoka Vanga hadi Kiunga, haifiki hata theluthi yake. Katika msitu wa Daintree walimwona kasowari, ndege mrefu kama mtu asiyeweza kuruka. Mama hakuacha kumtania Mzee kwa habari za ndege huyo, kwa sababu jike akishataga huenda zake, na dume ndiye huatamia mayai kwa siku zipatazo 50, kisha akawalea vifaranga peke yake kwa miezi. Kina baba, mmesikia.

Hadi hapo ilikuwa furaha. Lakini Mama aliona jambo lisilomwelekea. Kila siku, saa kumi jioni ilipokaribia, Mzee alianza kutafuta mahali pa kulala. Hata kama kulikuwa na ziwa zuri kilomita 20 mbele, alikataa. Akiulizwa, alisema, "Nimechoka," au, "Barabara hizi zina kangaruu jioni." Hilo la kangaruu ni kweli, kwani wanyama hao hutoka machweo na alfajiri, nao huingia barabarani kama ng'ombe wetu wasio na mchungaji. Hata hivyo Mama alimjua mumewe, akahisi kuna kitu kinafichwa. Badala ya kuuliza vizuri, alinuna. Alijiambia kwamba Mzee amekuwa mkaidi, na kwamba sasa amestaafu anataka kumtawala kama alivyotawala wanafunzi wake.

Jambo lenyewe lilipasuka katika mbuga ya Kakadu. Ni hifadhi kubwa yenye karibu kilomita za mraba 20,000, na mito yake imejaa mamba wa maji ya chumvi, ambao dume mkubwa hufikia mita 6. Upande wa kaskazini kuna miamba iitwayo Ubirr. Juu ya mawe hayo wenyeji wa asili wa nchi hiyo walichora kwa maelfu ya miaka, nao walichora samaki hata mifupa yao ya ndani ikaonekana. Wageni hupanda juu ya mwamba jioni kutazama jua likizama kwenye tambarare za majani. Mama alikuwa ameota machweo hayo tangu Melbourne. Karavani waliiacha kambini Jabiru, kilomita 40 hivi kutoka hapo.

Saa kumi na moja Mzee akasema, "Twende." Mama akajibu kwamba haondoki. Walijibizana mbele ya watu, kwa Kiswahili, wakidhani hakuna atakayewaelewa; lakini hasira haihitaji mkalimani, na watu walianza kuangalia pembeni. Mwishowe Mzee alikaa. Jua lilizama likiwa jekundu kama kaa la moto, na Mama anasema hakuliona vizuri kwa sababu ya machozi.

Walirudi gizani bila kusemezana. Gari moja lilipokuja mbele yao na taa zake, Mzee alikanyaga breki ghafla, akatoka nje ya lami. Kangaruu alikuwa amesimama mita chache mbele ya boneti. Mama alikuwa amemwona mapema, akadhani Mzee naye amemwona. Hakuwa amemwona kabisa. Mzee alizima injini, akaweka mikono juu ya usukani, akasema, "Mama, usiku sioni. Taa zikinijia naona ukungu mweupe tu." Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari alimwambia miezi minane kabla ya safari, naye akaificha ile barua ndani ya sanduku la vifaa vya gari.

Hapa tusimame kidogo, msomaji. Kwa nini mtu aliyelala kitanda kimoja na mkewe miaka 41 amfiche ugonjwa ambao hata si wa aibu? Mzee mwenyewe alituandikia sababu. Aliogopa safari ingefutwa. Aliogopa zaidi kwamba akiacha kuendesha gari hatakuwa na kazi yoyote tena. Shule ilikuwa imemstaafisha, watoto hawamwombi karo, na usukani ndio uliobaki. Wanaume wengi wanaosoma ukurasa huu wanaijua hofu hiyo, ijapokuwa wao wanaificha kwa shamba, au kwa uenyekiti wa kamati, au kwa kukataa kupima sukari na presha. Tunadhani tunamwondolea mke wasiwasi. Kumbe tumemnyima nafasi ya kutimiza ile sehemu ya ahadi yetu inayotaja magonjwa, na usiku ule uongo huo ulikaribia kuwaua wote wawili.

Wala Mama hakuwa bila kosa, na anakiri hivyo. Majuma manne alikuwa ameona dalili: Mzee kushika ramani karibu na pua, kumwaga chai pembeni mwa kikombe, kusimama mapema kila siku. Alizikusanya zote akazipa jina moja, ukaidi. Ni rahisi kumfanyia hivyo mtu unayedhani umemmaliza kumjua. Wewe mama, jambo lile linalokuudhi kwa mume wako tangu mwaka jana, je, uliwahi kumwuliza chanzo chake kwa sauti isiyo na mashtaka?

Usiku huo Mama ndiye aliyeendesha gari hadi Jabiru. Asubuhi walikaa mezani, wakaongea saa tatu nzima. Mama alilia kwanza, kisha akafoka, kisha akauliza barua iko wapi akaisoma. Waliamua mambo mawili tu. Mzee asiendeshe tena mpaka apasuliwe. Na safari isikatishwe.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu kuliko unavyosikika, maana kutoka Darwin hadi Broome ni zaidi ya kilomita 1,800, na Mama hakuwa amekokota karavani hata mara moja. Katika barabara hizo kuna malori yenye trela tatu, hata nne, urefu wake mita 53. Likikupita, gari lote hutikisika. Lakini mtihani mkubwa haukuwa malori. Ulikuwa kurudisha karavani nyuma ili iingie katika nafasi yake kambini jioni, huku wazee wengine wakiwa wamekaa vitini na chai yao wakitazama. Ukizungusha usukani kulia, karavani huenda kushoto. Siku ya kwanza, pale Katherine, Mzee alisimama nyuma akipiga kelele, "Kulia! Si huko! Kulia kwako!" na Mama akashuka, akamtupia funguo miguuni.

Walipotulia walikubaliana kwamba Mzee asimame mahali anapoonekana katika kioo, atumie mikono tu, asitoe neno. Akishusha mikono, Mama asimame. Kufikia Kununurra waliingia kambini mara moja bila kurudia, na bwana mmoja jirani akawapigia makofi. Mzee naye akajifunza kukaa kiti cha pembeni: kusoma ramani kwa kioo cha kukuzia, kumenya machungwa, kukaa kimya mke anapochagua njia. Anasema hilo la mwisho lilimchukua kilomita 600.

Njiani waliona mibuyu. Ndiyo, mibuyu, ndugu ya ile ya Kilifi na Malindi, yenye matumbo makubwa, imesimama katika udongo mwekundu upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Mzee hakuweza kuona majani yake, lakini umbo aliliona, akaomba Mama asimamishe gari aende kuukumbatia mmoja.

Kutoka Broome walikwenda kaskazini hadi Beagle Bay, kwenye kanisa la Moyo Mtakatifu lililojengwa na wamisionari Wapallotini pamoja na wenyeji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likafunguliwa mwaka 1918. Altare yake imepambwa kwa maganda ya chaza, yale yanayotoa lulu, nayo hung'aa hata kwa mwanga mdogo. Mahali hapo pana huzuni pia, kwa sababu misheni hiyo ilipokea watoto wa wenyeji walionyang'anywa mama zao kwa amri ya serikali. Mama alitaka tusiliache hilo. Walikaa katika benchi la mbele. Mzee aliyaona maganda yale yote yakimetameta, ingawa hakuweza kusoma kitabu cha nyimbo, na Mama akamsomea maneno sikioni, mstari kwa mstari, kabla ya kila ubeti.

Mzee alipasuliwa macho Novemba mwaka huo, moja kwanza, jingine baadaye. Sasa anaona vizuri, usiku na mchana, na wanapokezana usukani kila kilomita 200. Kurudisha karavani nyuma bado ni kazi ya Mama. Mzee husimama kwenye kioo, na mikono yake, na haongei.