SOMO LA MWEZI HUU: KIRIBA KIKIBAKI ARDHINI HUENDA WAPI?



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini Chama kimeanza kuwakataza watu kupanda mche wa mkarafuu pamoja na kiriba chake. Mwasema kiriba ni kitu chepesi, mizizi ikitanuka hukipasua, na baada ya misimu miwili mitatu ukichimba hukioni tena. Neno hili twalisikia sana, tena kwa watu waliotuzidi uzoefu wa mashamba. Basi tumeona yafaa tulieleze jambo lenyewe kwa kirefu, maana kukatazwa bila ya kuelezwa hakumpendezi mtu mzima.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno mawili: kuoza na kumegeka. Jani la mkarafuu likianguka, nyungunyungu na vijidudu vya ardhini hulila, likageuka udongo, na udongo huo ukaulisha mti. Huko ndiko kuoza. Plastiki haina mlaji wa namna hiyo. Jua huikausha mpaka ikawa kavu na dhaifu, kisha hukatika vipande, na kila kipande hukatika tena. Aliyepata kuacha gunia la plastiki uani kaskazi nzima amekwisha kuona: akilishika, humwachia unga na nyuzi mkononi. Gunia lile halikuoza. Limegawanyika tu, na kila chembe yake ni plastiki ile ile. Ama kile kilichofukiwa, kwa kuwa hakipigwi na jua, hukawia zaidi hata huko kumegeka kwake.

Wataalamu huziita mikroplastiki chembe zote zilizo chini ya milimita 5, yaani kiasi cha kichwa cha karafuu kavu kwenda chini, mpaka zile zisizoonekana ila kwa hadubini. Mwaka 2004 Bwana Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake, waliandika juu ya chembe hizi baharini, na kwa muda wa miaka mingi watu walitazama bahari zaidi. Walakini taka za baharini aghalabu hutoka nchi kavu, na njia yake ni mito.

Katika walioifuata njia hiyo kwa nyuma ni Bibi Rachel Hurley, alipokuwa Chuo Kikuu cha Manchester. Yeye na wenzake wawili, Bwana Jamie Woodward na Bwana James Rothwell, walichota tope la chini ya mito 10 ya upande ule, mahali 40. Walichota mara ya kwanza, kisha yakaja mafuriko makubwa ya majira ya baridi ya 2015 na 2016, wakarudi wakachota pale pale. Habari zao zilitoka mwezi wa Machi 2018. Plastiki waliikuta kila mahali, hata katika vijito vidogo. Mahali pamoja katika Mto Tame palikuwa na chembe 517,000 katika mita moja ya mraba, idadi ambayo ukimwambia mtu asiyezoea hesabu atadhani watania. Na mafuriko yalipopita, kiasi cha asilimia 70 ya plastiki iliyokuwa imelala chini ya mito ile ilikuwa imezolewa: walikisia chembe bilioni 43.

Twaomba msomaji asiipite sehemu hii upesi. Mto kwa siku za kawaida huiweka plastiki chini, kama mtu awekaye akiba, na mvua kubwa ikija huitoa yote kwa mara moja. Sisi ambao masika yetu hushuka kwa kishindo, na vijito vyetu ni vifupi hata maji ya bondeni hufika mikokoni muda si muda, hatuhitaji kwenda Manchester kulifahamu hilo.

Wala si habari za Ulaya peke yake. Mwaka 2016 watafiti, wakiwamo wa kwetu Tanzania, walitangaza habari za samaki walionunuliwa Mwanza, sangara 20 na sato 20 wa Ziwa Viktoria. Walipasua matumbo, na katika kila aina samaki mmoja kwa kila watano alithibitika kuwa na plastiki ndani. Hayo ni maji matamu, mbali kabisa na bahari.

Bibi Hurley baadaye alikwenda Norway, katika taasisi ya utafiti wa maji iliyoko Oslo, na huko akaingia katika udongo. Hapa kazi ikawa ngumu zaidi. Udongo umejaa vipande vya mizizi na majani, na chini ya hadubini uzi wa mzizi na uzi wa nailoni huweza kumdanganya hata mjuzi. Mwaka 2018 yeye na wenzake walionyesha njia: udongo hutiwa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile watu waliyozoea kusafishia vidonda ila kwa nguvu zaidi, ikachanganywa na madini ya chuma. Dawa hiyo huila mimea iliyomo, na plastiki ikabaki, ikaweza kuhesabiwa. Wale wanaosema jani na kiriba ni mamoja ardhini wangepaswa kuliona jaribio hilo.

Ulaya njia moja kubwa ya plastiki kuingia mashambani ni tope litokalo katika mitambo ya kusafishia maji machafu, ambalo wakulima hulitumia kuwa mbolea. Bwana Luca Nizzetto, wa taasisi hiyo hiyo ya Oslo, na wenzake walikisia mwaka 2016 kwamba kwa njia hiyo mashamba ya Ulaya huweza kupokea kati ya tani 63,000 na 430,000 kila mwaka. Sisi tope hilo hatulitumii, lakini wako wanaonunua mbolea ya taka za sokoni bila ya kuichambua. Mbolea hiyo tuitazame vizuri kabla ya kuimwaga.

Na madhara je? Tusiseme kuliko yalivyo. Huko Wageningen, Uholanzi, mwaka 2016 nyungunyungu walilishwa majani yaliyochanganywa na unga wa plastiki. Ilipozidi sana walidhoofika na vifo vikazidi. Kiasi walichopewa ni kikubwa, si cha shamba la kawaida. Berlin mwaka 2017 waliona nyungunyungu wakizishusha chembe za juu mpaka chini ya udongo, na zile ndogo ndizo zilizofika mbali zaidi. Mwaka 2018, huko huko Berlin, nyuzi za poliesta zilizotiwa katika udongo zilibadili namna unavyoshika maji na namna madonge yake yanavyoshikamana. Ushikaji wa maji ulizidi, jambo ambalo mtu angelifurahia, ila madonge yalilegea. Kwa mlima mboga hilo ni jambo la msimu. Kwa sisi, mkarafuu hukaa pale pale umri wa mtu na zaidi, na mizizi inayoulisha iko juu juu ya ardhi, pale pale tunapotupa.

Tufanye hesabu ndogo. Ukipanda kwa nafasi ya futi 30 kwa 30, eka moja huchukua miche 48. Kiriba chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 20, pande zake mbili ni sentimita 600 za mraba. Kikimegeka vipande vya milimita 5 kwa 5 hupatikana 2,400. Kwa eka nzima ni vipande 115,200, na hivyo ndivyo vikubwa kabisa, kabla havijaanza kumegeka tena.

Serikali ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, ila vifungashio vya kilimo viliachwa. Kwa hivyo kiriba hakikukatazwa na sheria, na Chama hakiwaambii mkiache. Wako waliotutajia vipakacha vya makuti. Navyo ni vizuri, lakini mche wa mkarafuu hukaa kitaluni mwaka mzima na zaidi, na kipakacha kitakuwa kimeoza zamani. Twataka kiriba kitoke tu. Siku ya kupanda mwagilieni mche asubuhi, upasueni kwa wembe kutoka juu hata chini, udongo usimwagike, kisha kiriba kitiwe kapuni. Msikichome shambani: moshi wake una sumu, na lile donge jeusi libakialo ni plastiki vile vile.

Magunia yaliyochakaa na maturubai ya kuanikia yaliyoanza kutoa unga yasitumiwe tena kwa karafuu. Atakayechukua miche masika haya ataandikiwa idadi ya viriba, na atavirudisha ghalani kabla ya kupewa miche ya vuli. Bei ya majamvi ya ukindu tumekwisha uliza, na itasomwa katika mkutano ujao.