Mifuko Mitatu ya Chama cha Hisani

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake: tumeletewa suala na ndugu zetu wa pwani walioko Moshi, nasi twalijibu kwa kadiri ya elimu yetu ili lifae na wengine.

SUALA. Sisi ni watu wa Tanga na Mombasa, tuna maduka mjini Moshi, na baadhi yetu twakodi mashamba ya mahindi Kirua Vunjo, upande wa chini wa uwandani. Tumefanya chama cha kuwasaidia wenye shida kwa chakula na dawa, na twataka kujenga zahanati. Fedha zetu zote zimo katika mfuko mmoja. Siku moja alikuja kikongwe jirani yetu, naye si Muislamu, akaomba unga. Mtunza fedha wetu akamrudisha, akasema, "Hizi ni za zaka." Je, alipata au alikosa?

JAWABU. Yeye alipata katika hukumu, lakini ninyi nyote mmekosa katika mpango. Jueni ya kuwa mali ya kheri ni mifuko mitatu, na kila mfuko una mlango wake.

Mfuko wa kwanza ni zaka. Hii ni haki ya watu wa namna nane waliotajwa katika aya ya 60 ya Surat Tawba, wala haitoki kwenda kwa mwingine. Wa kwanza ni fakiri, kisha maskini. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, ambaye haja yake ni 10 naye apata 2 au 3 ni fakiri. Apataye 7 au 8 ni maskini. Na sharti mpokeaji awe Muislamu, tena akabidhiwe mali iwe milki yake. Kwa hiyo zaka haijengi zahanati wala haichimbi kisima, kwani ukuta haumiliki kitu.

Ama mahindi yenu, yakifika wasaki 5, nazo ni pishi 300 kwa kipimo cha kisharia, yana zaka, na mwenye kulima ndiye atoaye hata kama shamba ni la kukodi. Yaliyonyweshwa na mvua, au na maji yateremkayo yenyewe katika mfereji ambao Wachaga huuita mfongo, hutolewa fungu moja katika 10. Yaliyonyweshwa kwa mashine ni nusu ya hilo. Kahawa na ndizi hazina zaka ya mazao, kwa kuwa zaka ya mazao ni katika chakula kikuu kiwekwacho akiba. Lakini fedha ya kahawa ikifika kiwango na ikapitiwa na mwaka, na bidhaa za maduka yenu kila mwaka, zina zaka ya robo ya fungu la kumi.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, chama chenu ni wakili tu. Zaka iliyo sandukuni bado i shingoni mwa mwenyewe mpaka imfikie mwenye haki. Mkiiweka mwaka mzima mkingojea mkutano, mwawabebesha wenzenu deni. La pili, mali iliyoko Moshi na Kirua, zaka yake ni ya mafakiri wa huko huko. Kuipeleka Tanga hali wao wapo hakufai, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Tangu reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 watu wa pwani wamechuma huko. Haifai kuchuma mlimani na kuwasahau mafakiri wa mlimani.

Mfuko wa pili ni sadaka. Huu mlango wake u wazi kwa Muislamu na asiye Muislamu. Bi Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mama yake, naye ni mshirikina, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamrishwa amtendee wema. Katika mfuko huu kikongwe yule angalipata unga wake, tena kwa haki ya ujirani.

Mfuko wa tatu ni wakfu, yaani kukizuia kitu chenyewe na kuyatoa manufaa yake. Zahanati yenu ni ya mfuko huu. Fedha zenyewe haziwekwi wakfu. Nunueni kwanza kiwanja, kisha mkiwakifu kwa tamko lililo wazi, na sharti la mwenye kuwakifu lifuatwe. Mkisema ni kwa wagonjwa wote wa Kirua, yafaa.

Tena tazameni majirani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni Kilema mwaka 1890, karibu na Kirua, na leo iko huko hospitali ya Wakatoliki. Mwaka 1971 ikafunguliwa Moshi hospitali ya KCMC, nayo pia asili yake ni ya Wakristo. Waislamu huingia humo wakatibiwa. Je, yatupendeza sisi kupokea tu, na ajapo jirani kwetu arudi na kikapu kitupu?

Basi gawanyeni mifuko leo, kila mmoja na daftari lake. Kisha mtunza fedha achukue unga kutoka mfuko wa sadaka, aende mwenyewe kwa yule kikongwe, amtake radhi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.