Jiwe Lililo Hai Baharini

Wakatekumeni wengi wa bara hawajaona bahari. Lakini jina la Bagamoyo si geni katika nchi za Ziwa Tanganyika, kwa maana huko ndiko walikoanzia safari Mapadre Weupe wa kwanza mwaka 1878. Nyumba za kale za mji ule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Je, nani aliyatengeneza mawe hayo?

Wanyama ndio walioyatengeneza. Tumbawe ni mnyama mdogo, mara nyingi hazidi punje ya hindi; ana kinywa na vidole laini vya kukamatia chakula, wala hatembei. Hujijengea kiti cha chokaa, na maelfu kwa maelfu wakikaa pamoja miaka mingi, hutokea mwamba uwezao kuvunja mawimbi.

Nguvu hizo huzipata wapi, hali maji yale maangavu yana chakula haba? Ndani ya mwili wake hukaa mwani, usioonekana kwa macho matupu. Penye upana wa ukucha huweza kuwamo milioni na zaidi. Mwani hupokea nuru ya jua na kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la muhogo, kisha humpa mwenyeji wake sehemu kubwa. Mwenyeji humpa makao, na takataka za mwili wake huwa mbolea. Wahenga husema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu amekuja na jembe lake.

Walakini maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu, kwa majuma kadhaa, mapatano huvunjika. Mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Bado halijafa: joto likipungua upesi, mwani huweza kurudi. Likikawia, tumbawe hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 huko Kenya, Tanzania na Shelisheli, na samaki wengi wakakosa maficho. Tena joto la bahari linaongezeka kwa sababu ya hewa ya ukaa, itokayo katika mafuta, makaa ya mawe, na pia misitu inayochomwa.

Papa Fransisko, katika barua Laudato si' ya mwaka 2015, alilinganisha miamba hiyo na misitu mikubwa ya nchi kavu. Na katika barua hiyohiyo alilitaja bonde la Kongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 340, yafundisha kwamba Mungu ametaka viumbe vitegemeane.

Maswali ya kujibu nyumbani: Tumbawe humpa mwani nini? Katika shamba au msitu wa kijijini, ni viumbe gani wawili wasioweza kuachana?