Umenunua gari bovu kwa mtu binafsi? Haki yako iko kwenye maneno yake na kumbukumbu zako

"Nimenunua gari, nimetuma pesa kwa simu, gari limeharibika siku ya tatu. Mnaweza kunirudishia pesa yangu?"

Mteja wetu, swali hili lina jibu lisilofurahisha: hapana. Kurejesha muamala ni kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Ukimtumia muuzaji uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, muamala hauna kosa hata kama gari lina kosa. Na usijaribu kudai ulikosea namba ilhali hukukosea. Mbali na kwamba si kweli, unajikata mguu mwenyewe: kesho utahitaji kuthibitisha kwamba pesa ile ilikuwa bei ya gari, na wewe umeshasema ilienda kwa bahati mbaya.

Lakini hapana yetu haimaanishi mambo yameisha. Sheria ya Kenya inakupa njia kadhaa. Leo tuzipitie pamoja, pole pole.

Tuanze na mfano

Mfano huu tumeubuni, ila mkazi yeyote wa pwani ya kusini atauelewa. Mama mmoja hununua samaki Bodo, mashua zinaporudi, na kuwapeleka Ukunda na Diani. Miaka yote amehangaika na nauli, barafu ikiyeyuka njiani. Akaweka akiba, akaongeza mgao wake wa chama, akanunua gari dogo la mizigo la mkono wa pili kwa jamaa wa Msambweni. Bei, shilingi 420,000, yote kwa simu.

"Mama, injini hii haijawahi kufunguliwa," jamaa alimwambia. "Ni gari zuri, halitakusumbua."

Wiki ya kwanza, kabla ya kufika Gazi, gari likachemsha. Samaki wakaharibika. Fundi akafungua na kukuta gasketi imeungua, maji yameingia kwenye oili, na injini ina alama wazi za kufunguliwa zamani. Matengenezo ni shilingi 95,000. Mama akampigia jamaa.

"Kaka, wewe mwenyewe uliniambia injini haijaguswa."

"Mama, gari uliliona, ukaliendesha, ukalipenda. Biashara imeisha."

Nani yuko sahihi? Ukweli ni kwamba kila mmoja ana sehemu yake.

Sheria inasemaje?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya. Inatofautisha wauzaji wawili.

Wa kwanza ni mfanyabiashara, kama vile yadi ya magari. Huyu sheria inamwekea wajibu hata kama hakusema kitu: gari liwe na ubora unaofaa kuuzwa, na lifae kwa kazi uliyomweleza ukimtegemea yeye kukuchagulia. Hata hapo, ukilikagua gari mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona huwezi kumlaumu nayo baadaye. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012.

Wa pili ni mtu binafsi anayeuza gari lake. Huyu hana wajibu huo wa ubora. Akinyamaza na wewe hukuuliza, kasoro nyingi zinabaki kuwa zako. Hapo ndipo jamaa wa Msambweni ana hoja.

Hata hivyo, mambo matatu yanambana muuzaji yeyote, awe na yadi au awe jirani yako.

Kwanza, lazima awe na haki ya kuuza. Kama gari ni la wizi au si lake, mwenyewe wa kweli anaweza kulichukua, na wewe una haki ya kumdai muuzaji pesa yako.

Pili, gari lazima lilingane na maelezo aliyoliuzia. Akisema ni la mwaka 2015 na kumbe ni la 2010, hakukuuzia alichokieleza.

Tatu, hawezi kukuvuta kwa taarifa ya uongo. Hapa ndipo mama wa Bodo anaposimama. Angalia sentensi mbili za jamaa. "Ni gari zuri, halitakusumbua" ni sifa za sokoni, kila muuzaji husifia chake, na mahakama haitaipa uzito mkubwa. Lakini "injini haijawahi kufunguliwa" ni taarifa ya ukweli. Inaweza kupimwa, na fundi ameipima.

Kwa hiyo kwa muuzaji binafsi, kesi nyingi hazisimami kwenye ubovu wa gari. Zinasimama kwenye alichosema, na kama unaweza kukithibitisha.

Jambo moja zaidi: kama huyo "mtu binafsi" huuza gari baada ya gari, huenda ni mfanyabiashara aliyejificha. Tafuta matangazo yake mengine na uyahifadhi. Hilo linaweza kubadilisha kesi yako yote.

Gari limeharibika, ufanye nini?

1. Simamisha gari. Ukiendelea kuliendesha likichemsha, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeliua.

2. Pata ripoti ya fundi kwa maandishi, kabla ya kutengeneza. Iwe na tarehe, namba ya gari, kasoro, sababu, na muhimu zaidi, kama kasoro ilikuwepo kabla hujanunua. Piga picha. Vipuri vya zamani usitupe.

3. Hifadhi ujumbe wote. Ujumbe wa muamala, mazungumzo ya simu yaliyoandikwa, tangazo la gari. Kisha omba taarifa yako rasmi ya miamala ya kipindi hicho. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na ile taarifa inaonyesha tarehe, kiasi, na jina la aliyepokea.

4. Mwandikie muuzaji. Simu ya hasira haiachi alama. Andika kwa heshima: ulichoambiwa, fundi alichokuta, unachodai, na siku unazompa, kwa mfano 14. Mama wetu angeweza kudai 95,000 za matengenezo na gharama ya kuvuta gari, zote zikiwa na risiti. Hasara ya samaki anaweza kuidai pia, ila ni ngumu zaidi kuithibitisha.

Je, unaweza kurudisha gari na kudai pesa yote? Wakati mwingine, hasa ukiwa umedanganywa na umechukua hatua mapema. Lakini ukishalipokea gari na kulifanya lako, mara nyingi unachobaki nacho ni fidia, yaani tofauti kati ya ulichoahidiwa na ulichopata. Ndiyo maana kukaa kimya miezi mitatu kunakugharimu.

5. Jaribuni kusikilizana. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inahimiza usuluhishi. Mzee wa kijiji, chifu, au mtu mnayemheshimu nyote wawili anaweza kumaliza jambo jioni moja. Mkikubaliana, andikeni, wekeni sahihi mbele ya mashahidi, na malipo yapite kwa simu ili kila awamu iwe na rekodi.

Ikishindikana: Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii iliundwa na sheria ya mwaka 2016, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya uuzaji wa bidhaa. Ilianza kazi mwaka 2021. Lengo lake ni kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili: unaweza kujieleza mwenyewe, na taratibu zake za ushahidi si kali kama za mahakama nyingine. Uliza kwenye masijala ya mahakama ya Msambweni au Kwale, watakuelekeza pa kufungulia. Dai likizidi milioni moja, linaenda kwa Mahakama ya Hakimu.

Kisheria, dai la mkataba lina miaka sita. Usiitumie kama kisingizio cha kuchelewa, kwani ushahidi hauna subira kama sheria.

Tuseme ukweli pia: kushinda kesi si sawa na kulipwa. Kama muuzaji hana kitu, hukumu itabaki karatasi kwa muda mrefu. Piga hesabu kabla. Kwa dai la 10,000, pengine mazungumzo yanakufaa zaidi.

Polisi je?

Polisi si wakusanyaji wa madeni. Gari kuharibika tu si jinai. Lakini kama muuzaji alikuwa na logbuku ghushi, aliuza gari lisilo lake, au alikudanganya kwa makusudi ili apate pesa yako, hiyo ni kupata mali kwa hila. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, inatoa adhabu ya hadi miaka mitatu gerezani. Piga ripoti na uchukue namba ya OB. Kumbuka kesi ya jinai ni ya kumwadhibu mtu. Pesa yako bado utaidai kivyake.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

Mama wa Bodo angejiokoa na mengi kwa dakika ishirini tu.

Fanya utafutaji wa gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Utaona limesajiliwa kwa jina la nani. Logbuku ikiwa na jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la muuzaji, deni bado lipo. Angalia pia sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, nayo iko eCitizen, kwa sababu gari linaweza kuwa limewekwa rehani bila wewe kujua. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye gari na ya kwenye logbuku.

Chukua fundi wako, si wa muuzaji.

Jina linalotokea kwenye simu unapotuma lifanane na jina la logbuku. Ukiambiwa "tumia namba ya kaka yangu" au ya dalali, simama hapo. Siku ya kesi, utamshtaki nani?

Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye sahihi na mashahidi. Ukiona maneno "linauzwa lilivyo", jua anajaribu kukuachia kasoro zote.

Lipa kwa awamu: kiasi kidogo cha kushikilia, na kilichobaki muuzaji anapoanzisha uhamisho wa umiliki mbele yako. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari litumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa, na aliyeandikishwa ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. PIN yako usimpe mtu, hata anayesema anakusaidia kulipa.

Mwisho, kabla ya kutuma, mtumie muuzaji ujumbe kama huu: "Nanunua gari namba fulani kwa 420,000. Umeniambia injini haijawahi kufunguliwa na gari halina deni. Thibitisha nitume pesa." Akijibu "ndiyo", maneno yake sasa yana tarehe na saa. Akikataa kujibu, au ghafla akianza kuzungushazungusha, umepata jibu pia, na pesa yako bado iko kwenye simu yako.